Baada ya Salamu

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa mtu wa kusimama wakati wa matangazo. Ibada ikiisha, au dua ikiisha, au keki ya mtoto wa mtu ikishakatwa, mwenye shughuli angeuliza kama kuna mwenye neno, na mimi ningesimama na simu mkononi. Nilisema yaleyale kila mahali. Kuna programu ya bure inayosoma maandishi kwa sauti. Imeandikwa na watu wanaojitolea, na yeyote anayejua anaweza kuifungua aone ilivyoandikwa ndani, hata airekebishe. Sasa tunaitengenezea sauti ya Kiswahili, iko kwenye majaribio, na tunaomba watu waiweke kwenye simu zao, waitumie kama wanavyotumia vitu vyao vingine, halafu watuambie imewafanyia nini. Watu walipiga makofi. Wengine walidhani nauza kitu, wakaangalia pembeni.

Kazi yangu ya kulipwa ni hiyohiyo ya kujaribu programu. Nakaa Wheaton, huku ughaibuni, siku tatu nafanyia kazi nyumbani na siku mbili nakwenda ofisini upande wa Virginia, na ninacholipiwa ni kuharibu vitu. Wenzangu wanaandika programu, mimi natafuta pale zinapovunjika. Nimeifanya kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba siwezi kuingia kwenye lifti bila kujiuliza nikibonyeza vitufe viwili kwa pamoja itafanyaje. Mama yangu, enzi za uhai wake, alisema nimepata kazi inayofanana na tabia yangu. Sikubishana naye.

Wajaribishaji niliowapata walikuwa kumi na kitu. Watanzania wengi, Wakenya wachache, na bwana mmoja Mkongo wa Manassas aliyeniandikia Kiswahili cha kwao kilichochanganywa na Kifaransa, ambacho programu ilikisoma kama mtu mwenye mafua. Niliwapa fomu yenye maswali matatu. Ulifanya nini? Kilitokea nini? Ulitarajia kitokee nini? Hakuna aliyeijibu kama ilivyo. Waliniandikia salamu.

Sisi ndivyo tulivyo. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata kama nyumba imeungua unasema nzuri, unavuta pumzi, halafu unasema, ila nyumba imeungua. Ukianza na moto utaonekana huna malezi. Mimi pia nimelelewa hivyo Morogoro, lakini miaka ya ofisini, ambako mtu anaingia na kusema tatizo lake kabla hajavuta kiti, ilikuwa imenimaliza subira. Ripoti ya kwanza kabisa niliyoipokea ilitoka kwa dada mmoja Mkenya anayehudumia wazee majumbani. Aliandika hivi: "Hi dear, natumai uko poa na familia. App ni nzuri sana, inasoma vizuri, mmefanya job safi. Mungu awabariki sana. Ni vile tu kwa simu yangu haijawahi kufunguka."

Nilicheka mpaka machozi. Nilimtafsiria mkuu wa mradi, mtu ninayemjua kwa maandishi tu na anayeishi nchi nyingine kabisa, naye akacheka kwa alama zake za kuchekea. Nilimsomea na mfanyakazi mwenzangu. Ikawa hadithi yangu ya kuchangamshia watu. Ungetegemea kwamba mtu aliyecheka hivyo angekuwa amejifunza kusoma ripoti hadi neno la mwisho, na kwa mwezi mmoja au miwili nilisoma kweli. Baadaye ripoti zikazidi, zote zikianza na uko poa na nzuri sana, nikaanza kusoma mistari miwili ya juu. Nilikuwa na jedwali lenye safu mbili, walioridhika na wenye tatizo. Safu ya walioridhika ilikuwa ndefu.

Mjaribishaji niliyemwita Mzee nilimpata kwenye ukumbi mmoja Beltsville, siku ya Idi. Nilikuwa nimealikwa pilau, nikasimama kama kawaida yangu. Nilipokaa, alinitumia mjukuu wake wa kike anifuate. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri na miwani ya jua humohumo ndani. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba za vioo za kituo kimoja kikubwa cha utafiti wa kilimo, akitunza miche, na sasa alikuwa amestaafu na anakaa kwa binti yake. Presha ya macho ilikuwa imemla macho yote mawili. Alibakiwa na mwanga na vivuli.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine yako inasoma vitabu tu, au na ujumbe wa mtu?"

"Inasoma chochote kilichoandikwa."

"Na anayesoma ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni mashine yenyewe, humohumo kwenye simu."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi niwekee."

Nilimwekea palepale, sahani ya pilau ikiwa mapajani. Alinieleza kwa nini, na alieleza kwa sauti ya chini, mjukuu alipokwenda kuchukua soda. Alikuwa na mdogo wake wa kike Kondoa, mwalimu mstaafu, ndugu pekee aliyebaki katika tumbo lao. Dada huyo hakujua kuandika ujumbe wa simu kama watu wengine. Aliandika barua, na kwenye simu zilikuja vilevile barua, zenye salamu ndefu na dua. Wajukuu ndio waliokuwa wakimsomea. Walisoma Kiswahili kama watu wanaokanyaga kokoto kwa miguu mitupu, wakiruka wasichokielewa na kuulizana kwa Kiingereza. Binti yake alifanya kazi zamu mbili, na akirudi amechoka hata kula. Isitoshe, kuna mambo dada anamwandikia kaka yake ambayo hayapiti kinywani mwa mtoto.

"Kwani mwenyewe hajui kuhusu macho?" nikauliza.

"Hajui. Na wewe usimwambie mtu. Akijua ataacha kuniandikia. Ataanza kunihurumia."

Hilo ndilo alilolitaka, hakuwa na lingine. Alitaka maneno ya mdogo wake yamfikie yeye mwenyewe, akiwa peke yake chumbani, bila mtu katikati. Mimi nilitaka mjaribishaji asiyeona, kwa sababu wengine wote walikuwa wanaona na kwa hiyo walikuwa wakidanganya bila kujua. Wakichoka kusikiliza walisoma kwa macho. Tukakubaliana.

Ripoti zake zilikuja kwa sauti, maana fomu hakuweza kuijaza. Kila wiki nilipata ujumbe wa dakika nne au tano. Ulianza kwa salamu yenyewe, ukaja kwa afya yangu, kazi yangu, baridi ya Wheaton kama inafanana na ya Beltsville, ukawasalimu ninaokaa nao ingawa nakaa peke yangu, ndipo ukafika kwenye programu. Nzuri, mwanangu. Nzuri sana. Anasoma kama mwalimu. Nilikuwa nikimsikiliza nikikata vitunguu. Nikishasikia hiyo nzuri sana, nilifuta mikono, nikazima, nikaandika kwenye jedwali: ameridhika. Nilimpenda yule mzee, na nilimsikiliza nusu.

Ilipofika majira ya kuchipua, mkuu wa mradi aliandika kwamba sauti ya Kiswahili sasa ingetolewa rasmi. Matokeo yangu yalikuwa mazuri kuliko ya lugha nyingine zote, hadi akauliza siri yangu. Aliomba kitu kimoja tu, video fupi ya mtumiaji halisi akiitumia nyumbani kwake, ya kuwaonyesha watu. Nikamfikiria Mzee mara moja. Hakuna aliyeisifu programu kama yeye.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Mlango ulifunguliwa na yule mjukuu, ambaye alipiga kelele kuelekea ndani, "Babu, your computer lady is here," akarudi kwenye sofa yake. Mzee alikuwa amejiandaa. Chai ilikuwa mezani, na kanzu ni ileile ya Idi. Niliisimamisha simu yangu kwenye bakuli la sukari ili irekodi, nikamwambia asinijali, afanye kama anavyofanya siku zote. Alichukua yake, akapapasa kioo kwa kidole gumba kama nilivyomfundisha, akaufikia ujumbe wa dada yake, akagonga mara mbili.

Sauti yetu ikasoma. Ni sauti ya kike, tuliifanyia kazi sana. "Kwa kaka yangu mpenzi. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumaini u mzima wa afya. Hali yangu mimi ni njema, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Watoto wote wanakusalimu. Jirani zetu wa upande wa msikitini wanakusalimu. Mwaka huu mvua zimenyesha vizuri na mtama umesimama. Tunakuombea kila baada ya sala Mwenyezi Mungu akupe afya, akulinde na shari za ugenini, wewe na wajukuu…"

Ikanyamaza. Haikusita wala haikukoroma. Ilinyamaza kwa adabu, kama mtu aliyemaliza.

Mzee akatabasamu kuelekea upande nilipo. "Umesikia? Sawasawa kabisa. Halafu nikwambie, siku hizi mdogo wangu ametulia. Zamani kila barua ilikuwa na shida yake chini. Sasa ni salamu na dua tu. Mimi namjibu kwa sauti, namwambia nimesoma yote, nashukuru, tuzidi kuombeana."

Nilikuwa nimeinama kuangalia kama simu inarekodi, na jicho likaangukia kioo cha simu yake. Maandishi yalikuwa yanaendelea. Yaliendelea hadi chini ya kioo na kwenda zaidi.

Nilifurahi. Sina namna ya kulipamba hilo. Mtu wa kazi yangu akiona hitilafu kubwa ambayo wote wameipita, moyo unamruka kwa furaha, na wangu uliruka. Niliielewa papo hapo. Mtambo wa sauti hupokea maandishi kwa mafungu, unasoma fungu la kwanza, kisha unarudi kuchukua la pili. Wetu wa Kiswahili ulikuwa haurudi. Hakuna aliyegundua kwa sababu watu wengi huandika mstari mmoja, niko njiani, nunua maziwa, na mstari mmoja unaenea kwenye fungu la kwanza. Ilihitajika mtu anayeandika barua ndefu, na msomaji asiyeona kwamba imebaki. Nilisema kwa nguvu, "Mzee, tumeipata!" Naye akafurahi kwa ajili yangu, akauliza tumepata nini.

Ndipo nikashusha kioo kwa kidole nikasoma kilichobaki, kwa macho, kimyakimya. Ile furaha ilinikauka.

"Haikumaliza," nikasema. "Kuna maneno mengine chini."

"Yapo?"

"Yapo mengi."

"Basi nisomee wewe."

Mjukuu alikuwa sebuleni na vidude vyake masikioni. Nilisoma. "Nia hasa ya kukuandikia leo, kaka, ni kuhusu mguu wangu wa kulia. Kidonda nilichokutajia hakikupona kwa sababu ya sukari. Daktari anasema vidole viwili vimekufa na vikatwe mapema, ubaya usije ukapanda. Watoto wananihimiza. Mimi nimewaambia sitakubali mpaka nisikie neno lako, kwa sababu naogopa, na mkubwa wangu aliyebaki ni wewe. Ukisema nikatwe nitakatwa. Ukisema nisubiri nitasubiri. Nangoja jibu."

Aliuliza tarehe. Nikamwambia. Ilikuwa wiki sita nyuma, na alikuwa amenichagulia ujumbe huo kwa sababu ndio ulikuwa na salamu nzuri kuliko zote.

"Uliofuata," akasema.

Uliofuata ulianza vilevile, na watoto na jirani na mvua. Chini yake uliandikwa: "Nimesikia sauti yako, kaka, ukisema umesoma yote na tuzidi kuombeana. Nimeelewa kwamba unaona nisubiri. Nimewaambia madaktari tunasubiri."

Mzee alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini polepole, akatafuta sahani yake kwa vidole, akaikosa, akakiweka mezani.

Kulikuwa na wa tatu. "Kaka, sasa wanasema si vidole tena. Kila Ijumaa ukipiga simu nangoja ulitaje jambo hili na hulitaji, unaniuliza habari nami nakujibu nzuri. Siwezi kukuuliza mara mbili. Labda unaona ni mzigo. Wiki ijayo watoto wananipeleka Dodoma."

Wiki ijayo yake ilikuwa imeshapita. Mzee aliniambia nipige namba. Alipokea mpwa wake, kijana mzima, akamwamkia mjomba wake kwa heshima zote, akamwambia mama amelala. Amefanyiwa Jumanne. Wamekata juu ya goti. Anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu.

"Mwambie nimepiga," Mzee akasema, akanirudishia simu.

Nilimsihi. Nilimwambia ampigie tena jioni amweleze, si kosa lake, ni la mashine, na kwa hakika ni letu sisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi nilikuwa sijamfanyia.

"Nimweleze nini? Miaka miwili namwambia nimesoma, nimesoma. Leo nikimwambia sioni, atajua kwamba hata zile alizosoma mtoto nilimdanganya. Atasema nasingizia macho. Mwache aone nina roho ngumu. Roho ngumu ni kitu anachokijua kwa wanaume."

Nilirudi Wheaton kwa barabara ya mzunguko, nyuma ya malori, na nilipofika sikuvua hata koti. Nilikaa kwenye meza ya jikoni na saa nane ile ya mchana nikasikiliza ripoti zake zote kwa mara ya kwanza. Ninamaanisha zote, kutoka bismillahi mpaka kwaheri. Niliipata kwenye ya tano kutoka mwisho. Baada ya nzuri, baada ya nzuri sana, baada ya pale ambapo siku hiyo bila shaka nilikuwa nimeshafuta mikono, alisema: "Ila, mwanangu, nakuuliza tu wewe unayejua mashine. Naona mdogo wangu siku hizi anaanza vizuri halafu anakatika, kama mtu aliyeitwa nje. Labda ndivyo anavyoandika sasa. Usijali, si tatizo. Hongereni sana."

Ripoti hiyo ilikuwa ya wiki tano nyuma. Wiki hiyo ilikuwa bado ni vidole viwili. Mjaribishaji wangu alikuwa ameifanya kazi yake sawasawa, alitumia, akaona, akaripoti, akaeleza hitilafu vizuri kuliko nitakavyoieleza mimi. Mbele ya jina lake kwenye jedwali nilikuwa nimeandika ameridhika. Niliona aibu, aibu ya mwilini kabisa. Programu ilikuwa na udhuru, haina akili. Mimi nililelewa Morogoro na najua habari mbaya inakaa wapi kwenye sentensi ya mtu wa kwetu.

Niliandika taarifa ya hitilafu. Ilikuwa na mistari sita. Ulifanya nini, kilitokea nini, ulitarajia kitokee nini. Kuna mahali pa kuchagua ukubwa wa tatizo, na chaguo la juu kabisa limewekewa maelezo kwamba litumike pale data ya mtumiaji inapopotea. Nililichagua. Sikuandika chochote kuhusu mguu, kwa sababu hakuna mahali pake na kwa sababu siri haikuwa yangu. Niliomba toleo rasmi lisimamishwe. Mkuu wa mradi alirekebisha kwa siku mbili, mistari minne tu ya maandishi, akaniandikia kwamba ilikuwa ripoti bora kuliko zote alizopokea mwaka ule. Alisema laiti kila mradi ungekuwa na wajaribishaji kama wangu.

Nilipiga simu kwa kila mmoja wa watu wangu. Nilifuta fomu. Niliwauliza habari za programu, wakasema nzuri, nami nikanyamaza. Ni kazi ngumu kunyamaza kwenye simu. Yule dada Mkenya alisema, "Iko sawa kabisa," nikanyamaza, akasema, "Si mbaya, really," nikanyamaza, akasema, "Haki basi wacha nikwambie ukweli," na akanieleza mambo saba yaliyoharibika, moja baada ya jingine, kwa dakika ishirini. Nilijaza kurasa. Nilikuwa na nyenzo nyingi za kazi kuliko wakati wowote na sikuwa na hamu nazo.

Baada ya wiki tatu dada yake Mzee alirudishwa Kondoa. Nilikuwa nikienda Beltsville kila Jumamosi kumsomea mwenyewe, kwa sababu hakutaka tena kugusa programu, ingawa nilimwekea toleo jipya na kumwonyesha linavyofika mwisho. Barua za dada zilikuwa zimefupika. Sasa zilikuwa salamu tupu kweli, mistari mitatu, kwa heri. Mzee alikuwa akiuliza, "Imeisha?" nami nasema imeisha, naye ananiuliza kama nina uhakika. Nadhani mara ya tatu alipouliza ndipo nilipochoka.

"Mzee, nipe ruhusa nimwambie mimi."

Aliinua mkono kuelekea dirishani, kama anavyofanya kupima kama bado kuna mwanga. Akasema, "Haya. Si ndiyo kazi yako, kuripoti?"

Sikujua kama ni ruhusa au ni kejeli, na sikuuliza. Nilipiga palepale, asubuhi kwetu, jioni kwao, nikaweka sauti ya nje. Alipokea mwenyewe. Nilisema shikamoo, nikajitambulisha kuwa ni rafiki wa familia ya kaka yake, akafurahi. Akaniuliza habari zangu. Akaniuliza habari za kazi, za nyumbani, za wazazi, nikamwambia wametangulia, akawaombea mmoja mmoja. Akauliza kama huko kuna baridi. Akauliza nimetoka wapi Tanzania, na Morogoro ni sehemu gani, na kama namjua mwalimu mmoja aliyesoma naye chuo. Nilijibu kila kitu. Nami nikamuuliza hali yake, akasema nzuri. Nikangoja. Akasema, "Nzuri sana, mwanangu, tunamshukuru Mungu." Nikangoja tena, na hakukuja ila yoyote. Huyu alikuwa ameshaacha kuisema.

Nikamwambia. Nilianza na macho, nikaenda kwenye wajukuu, nikaenda kwenye programu, kwamba inasoma fungu la kwanza na kuacha, na kwamba kaka yake alisikia salamu zake zote na hakusikia neno moja la mguu. Nikamwambia pia kwamba alinitumia habari mapema na mimi sikusikiliza hadi mwisho. Mzee alikuwa ameketi mbele yangu, mikono magotini, hajasogea.

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtoto akifukuzwa.

"Kwa hiyo hakuisoma," akasema.

"Hakuisoma, mama."

"Hakusema nisubiri."

"Hakusema. Hakujua kwamba umeuliza."

Alipumua kwa nguvu. Alipoongea tena sauti ilikuwa si ile ya barua. "Mguu nilishauaga, mwanangu. Niliuaga mimi mwenyewe kabla hawajauchukua. Ni kaka yangu niliyekuwa nashindwa kumsamehe. Kila sala najaribu, nashindwa."

Niliisogeza simu karibu na Mzee.

"Haoni kabisa?"

"Anaona mwanga kidogo."

"Yuko hapo?"

"Yuko hapa."

"Mpe."

Nilizima sauti ya nje nikamwekea Mzee simu mkononi. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaipeleka sikioni, akakaa nayo hivyo. Nilidhani anatafuta salamu ya kuanzia.

"Sioni, mdogo wangu," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Sioni kitu."